Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi: Risiti, Sheria na Mnunuzi wa Simu Yenye Kasoro

Mwishoni mwa risiti nyingi zinazotolewa madukani humu nchini huchapishwa sentensi moja fupi ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, chini ya jumla ya bei, mahali ambapo jicho la mnunuzi hupita tu kuhakikisha kwamba chenji ni sawa. Makala haya yananuia kuichunguza sentensi hiyo: ina nguvu gani kisheria, mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu anaweza kuipinga vipi, na kwa nini wengi wetu huitii hata pale ambapo hakuna sheria inayotulazimisha kuitii. Mfano nitakaoutumia ni wa simu ya kisasa, ile ambayo baadhi ya walimu wetu huiita rununu na wengine simutamba, kwa sababu ndicho kifaa ambacho wanafunzi wengi hukinunua kwa fedha zao wenyewe, na ndicho kilichonifikisha mimi mahakamani.

Yaliyonipata yanaweza kusimuliwa kwa ufupi. Nilinunua simu mpya, ikiwa ndani ya kasha ambalo halijafunguliwa, kwa shilingi 24,500. Wakati huo nilikuwa nikijiandaa kwenda Vanga, katika Kaunti ya Kwale, kukusanya nyimbo za vugo kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Vugo, kwa wasioijua, ni nyimbo za wanawake zinazoimbwa harusini huku pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti. Bibi aliyenipokea alikuwa na umri wa miaka themanini na ushei, na aliniimbia nyimbo 41 kwa siku mbili, nyingine zikiwa na msamiati wa Kivumba ambao wajukuu zake walikuwa wakiulizana maana yake. Simu ilikuwa ikipata joto kama pasi. Nilidhani ni jua la pwani. Jioni ya siku ya pili ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe, na nilipofika nyumbani haikuweza kukaa ikiwaka kwa zaidi ya dakika mbili, muda usiotosha kuhamishia chochote kwenye tarakilishi.

Nilirejea dukani siku ya 11 tangu niinunue. Mhudumu, kijana mpole, aliniambia, "Usijali, dadangu, hiyo ni programu tu. Itapakiwa upya." Alinipa karatasi nitie sahihi, nikatia. Mimi ninayejitapa kwamba nimefunzwa kusoma matini kwa makini sikuusoma mstari uliosema kwamba mteja ndiye mwenye jukumu la kuhifadhi vilivyomo ndani ya simu yake. Baada ya wiki moja nilirudishiwa simu ikiwa tupu kama ilivyotoka kiwandani, nyimbo zote 41 zimefutika, na joto liko pale pale. Ilirudi kwa fundi mara ya pili, kisha mara ya tatu. Kila nilipouliza niliambiwa nije Jumatatu. Wiki ya saba nilidai fedha zangu, na hapo ndipo meneja alipoichukua risiti mkononi mwangu, akaielekeza kwenye taa, akanisomea ile sentensi kwa sauti. Niliondoka nimenyamaza. Nakiri kwamba siku hiyo niliamini kuwa amenishinda.

Kabla ya kuingia katika sheria yenyewe, yafaa tuyatazame maneno, kwa kuwa mengi ya mashaka ya mnunuzi yameanzia humo. Huko Tanzania mtu anayenunua bidhaa na kuitumia huitwa mlaji, hata kama alichonunua ni msumari. Huku kwetu tunapendelea mnunuzi au mtumiaji, na kwa kawaida hatuyatofautishi maneno hayo mawili. Sheria hulazimika kuyatofautisha. Simu niliyoinunua mimi ikimlipukia mdogo wangu mkononi, mnunuzi ni mimi na mtumiaji ni yeye, na kila mmoja wetu ana njia yake ya kudai. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Neno lingine ni dhamana, ambalo madukani limesukumwa kando na waranti. Mnunuzi wa kawaida akisikia kwamba simu ina waranti ya mwaka mmoja hudhani kwamba hapo ndipo haki zake zinapoanzia na kuishia. Sivyo. Katika sheria ya mauzo kuna ahadi za namna mbili. Ya kwanza ni sharti, yaani ahadi iliyo kiini cha makubaliano. Ikivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa na kudai fedha zake zote. Ya pili ni dhamana, ahadi ya pembeni. Ikivunjwa, mnunuzi hubaki na bidhaa ila hudai fidia ya hasara aliyoipata. Karatasi ya waranti inayowekwa ndani ya kasha ni ahadi ya ziada ya aliyeitengeneza simu. Haiondoi masharti ambayo sheria imeyaweka kati ya muuzaji na mnunuzi, na muda wake kuisha hakuyafanyi masharti hayo yaishe siku hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kimekuwa na msamiati wa jambo hili tangu kale, ila tumeusahau asili yake. Katika sheria ya Kiislamu ya mauzo, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya biashara kufungwa naye hakuijua, ana haki ya kuchagua: aivunje biashara na kurudishiwa fedha, au aridhike kubaki na kitu hicho. Haki hiyo huitwa kwa Kiarabu khiyar al-ayb. Neno la kwanza ndilo lililotupa hiari. La pili ndilo lililotupa aibu, kwani kwa Kiarabu ayb ni kasoro ya kitu na pia jambo la kufedhehesha. Kiswahili kilishika zaidi ile maana ya fedheha. Dhamana nayo imetoka huko huko, na hata bei asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuuza. Sisemi kwamba mnunuzi wa simu leo aende kwa kadhi. Mahakama za kadhi nchini Kenya zimewekewa mipaka na katiba: hushughulikia hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Ninachosema ni kwamba anayedai kuwa hoja ya kurudisha bidhaa mbovu ni jambo geni lililoletwa na wanasheria wa mjini hajaisikiliza lugha anayoizungumza.

Sasa tuitazame sheria. Iliyo ya zamani zaidi kati ya zile zinazotuhusu ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931 na kufuata kwa karibu mno sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kifungu chake cha 16 kinaanza kwa kukubali kanuni ya kale kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, kisha kinaweka vighairi ambavyo kwa mnunuzi wa dukani vina uzito kuliko kanuni yenyewe. Ukinunua bidhaa kwa maelezo yake kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, sheria inachukulia kwamba kuna sharti, hata kama hakuna aliyelitamka, kuwa bidhaa hiyo ina ubora wa kuuzika. Na ukimjulisha muuzaji shughuli unayoitakia bidhaa hiyo, kwa namna inayoonyesha kwamba unautegemea ujuzi wake, kuna sharti kwamba itaifaa shughuli hiyo. Simu isiyoweza kuwaka kwa dakika mbili haina ubora wa kuuzika, na hapo hapahitaji mtaalamu.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba ukiikagua bidhaa kabla ya kuinunua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kioo kilichopasuka ungekiona. Betri inayopata joto baada ya saa tatu usingeiona, hata ungeifungua simu pale pale mbele ya mhudumu. Mtego wa pili ndio unaowanasa wengi, nao ni muda. Sheria inasema kwamba mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda wa kadiri bila ya kumwarifu muuzaji kwamba anaikataa, huhesabiwa kuwa ameipokea; na akishaipokea, sharti lililovunjwa hushuka daraja likawa dhamana, haki ya kurudishiwa bei yote ikageuka haki ya kudai fidia. Muda wa kadiri ni upi? Sheria haitaji idadi ya siku. Ndiyo maana ile lugha ya "njoo Jumatatu" ina hatari kubwa kuliko inavyosikika. Kila Jumatatu inayopita humpa wakili wa upande wa pili nafasi ya kusema kwamba ulikwisha kuipokea simu na kwamba ulichokuwa ukikitaka siku zote ni kutengenezewa tu.

Mnunuzi afanye nini basi? Aseme mapema, tena kwa maandishi, kwamba anaikataa bidhaa. Ujumbe mfupi wa simu watosha mradi tarehe yake ionekane. Hata akikubali itazamwe na fundi, aandike kwamba hajaiacha haki yake ya kuikataa. Na kila anapoiacha simu dukani adai karatasi yenye tarehe na maelezo ya tatizo kama alivyoyatoa yeye mwenyewe. Katika kesi yangu karatasi tatu za fundi, zote zikiwa na malalamiko yale yale ya joto na kujizima, zilikuwa na thamani kuliko maelezo yangu yote ya mdomo.

Turudi kwenye ile sentensi ya risiti. Nitakuwa sikumtendea haki yule meneja nikisema kwamba aliitunga tu. Sheria ya 1931 iliwaruhusu muuzaji na mnunuzi kuyaondoa masharti haya kwa makubaliano yao wenyewe, kwa hiyo kwa miongo mingi muuzaji aliweza kuiegemea sentensi ya aina hiyo. Mambo yalibadilika ilipokuja Sheria ya Kumlinda Mtumiaji Bidhaa, Nambari 46 ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013. Sheria hii inatamka kwamba maneno yoyote, yawe ndani ya mkataba au nje yake, yanayodai kuyafuta au kuyabadili masharti na dhamana zilizowekwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ni batili. Neno ni hilo hilo: batili. Nyuma yake iko katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 46 (nambari zimegongana kwa bahati tu) inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kadiri, haki ya maelezo anayoyahitaji ili afaidi alichokinunua, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro.

Lakini pia tusiivunje sentensi hiyo kupita kiasi. Mtu aliyenunua simu nyeusi kisha akatamani ya buluu hana sheria ya kumtetea. Aliyeona bei nafuu duka la jirani, hali kadhalika. Kwa watu kama hao sentensi ina nguvu zake zote, na muuzaji akikubali kuwabadilishia ni kwa hisani yake. Kinachobatilika ni jaribio la kuitumia dhidi ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kasoro ya sentensi yenyewe, nikiitazama kama mwanafunzi wa lugha, ni kwamba haitofautishi kati ya makundi haya mawili. Imesema bidhaa, ikanyamaza.

Na hapa sheria ya 2012 ina kipengele ambacho nadhani wanafasihi watakifurahia kuliko wanasheria. Kinasema kwamba pakiwa na utata katika mkataba wa mtumiaji, utata unaoruhusu tafsiri zaidi ya moja zenye mashiko, ichukuliwe ile inayomfaa mtumiaji. Sisi katika fasihi tumezoea kuuthamini utata, kuuacha usimame na maana zake zote mbili au tatu. Mahakama haina anasa hiyo. Lazima ichague, na imekwisha kuelekezwa upande wa kuchagua. Yule aliyeandika karatasi, aliyekuwa na nafasi ya kuliweka neno lake wazi na hakufanya hivyo, ndiye anayebeba mzigo wa utata huo.

Nani basi ashtakiwe? Swali hili huwapoteza wengi, kwa kuwa muuzaji hupenda kumwelekeza mnunuzi kwa kampuni iliyoitengeneza simu, nayo kampuni iko ng'ambo ya bahari. Jibu ni jepesi. Mkataba ni baina yako na duka lililopokea fedha zako. Duka likitaka kumfuata msambazaji, na msambazaji amfuate mtengenezaji, hiyo ni safari yao. Mtumiaji asiyekuwa mnunuzi, yule mdogo wangu wa kubuni aliyelipukiwa na simu, ndiye anayehitaji njia tofauti, na njia hiyo ilifunguliwa na kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huisoma. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, Bi. Donoghue alinunuliwa kinywaji na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya rangi isiyopenyeza macho. Alipokwisha kunywa sehemu yake, alidai, mabaki ya konokono aliyeoza yalidondoka kutoka chupani. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwani si yeye aliyelipa. Mwaka 1932 Baraza la Makabaila liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa yule atakayeitumia bidhaa yake, hata kama hawajawahi kuonana. Kenya imeurithi msimamo huo. Izingatiwe tu kwamba njia hii humfaa aliyeumia au aliyeharibikiwa na mali nyingine. Kwa simu ambayo ni mbovu na basi, njia ya kawaida ni ya mkataba na muuzaji.

Wala tusidhani kwamba kasoro za simu ni za bidhaa za bei ya chini pekee. Mnamo Agosti 2016 kampuni ya Samsung iliingiza sokoni simu ya Galaxy Note 7. Kabla ya miezi miwili kwisha, baada ya betri kuwaka moto na hata zile zilizotolewa kama badala kuwaka pia, kampuni iliacha kabisa kuitengeneza, na Marekani ikapiga marufuku simu hiyo kuingizwa ndani ya ndege. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya baadhi ya simu zake ambazo betri zimechakaa, jambo ambalo wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi. Wanunuzi wa Marekani walishtaki kwa pamoja, na mwaka 2020 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 ili shauri hilo limalizwe. Mwaka huo huo mamlaka za Ufaransa ziliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowafahamisha wateja. Kuchangia kesi namna hiyo kunawezekana kwetu pia. Sheria ya 2012 inamruhusu mtumiaji kushtaki kwa niaba ya kundi la watu, hata kama mkataba aliotia sahihi unamkataza.

Kuhusu simu bandia nitasema machache, kwa kuwa ni mada inayojitegemea. Usiku wa kuamkia Oktoba 1, 2012 simu bandia zilizimwa katika mitandao yote nchini, na wengi waliokuwa wamezinunua kwa nia njema wakaamka na vipande vya plastiki. Waliolipia simu halisi na kupewa bandia walikuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Sheria ya 2012 huhesabu uongo wa aina hiyo, pamoja na kuuza kilichotumika kwa jina la kipya, kuwa mwenendo usio wa haki, na humruhusu mnunuzi kuuvunja mkataba kwa kutoa ilani ndani ya mwaka mmoja.

Haki hizi zote zingebaki vitabuni kama gharama ya kuzidai ingeendelea kuwa kubwa kuliko bei ya simu. Wakili hatachukua kesi ya shilingi 24,500 kwa ujira wa shilingi 5,000, wala simlaumu. Pengo hili ndilo lililozibwa na Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilizinduliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na nyingine zikafuata. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Haifungwi sana na kanuni za ushahidi, na rufaa kutoka kwake huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Nilijisimamia.

Nilianza kwa barua ya madai. Niliiandika kwa Kiswahili, si kwa ushupavu wa kizalendo bali kwa sababu biashara yote ilikuwa imefanyika kwa Kiswahili, tangu kupatana bei hadi kuambiwa nije Jumatatu. Nilitaja tarehe ya kununua, nambari ya ujumbe wa malipo ya M-Pesa, tarehe tatu za fundi, kasoro, kiasi ninachodai, na siku 14 za kulipa. Meneja aliisoma na kuniuliza kama inaruhusiwa kuandika barua ya kisheria kwa Kiswahili. Swali lake halikuwa la dhihaka, alitaka kujua. Kifungu cha 7 cha katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai ina kifungu cha 86 kinachosema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mahakama ya Madai Madogo ni mojawapo ya mahakama hizo. Siku 14 zilipita bila jibu, nikafungua shauri.

Nilidai mambo matatu: bei ya simu, nauli na ada za mahakama, na fidia ya nyimbo 41. La kwanza na la pili halikuleta ubishi mkubwa. Mwakilishi wa duka aliitoa risiti, akaisoma ile sentensi, na mwamuzi akamwuliza kama anaifahamu sheria ya 2012. Akasema ataangalia. Hoja kwamba nilikuwa nimeipokea simu kwa kukubali itengenezwe ilitolewa pia, lakini ujumbe wangu wa siku ya 11, niliokuwa nimeandika kwa hasira tu, "simu hii siitaki, nataka pesa zangu," ulikuwa na tarehe.

La tatu ndilo lililochukua muda, na kulielewa sharti turudi Uingereza ya mwaka 1854. Mwenye kinu kimoja cha nafaka huko Gloucester alivunjikiwa na mhimili wa mtambo. Aliwapa wachukuzi mhimili huo wausafirishe hadi Greenwich ili uchongwe mwingine kwa mfano wake. Wachukuzi walichelewa, kinu kikasimama, na mwenyewe akadai faida yote aliyoikosa. Mahakama ilikataa. Katika uamuzi huo, unaojulikana kama Hadley dhidi ya Baxendale, ilisemwa kwamba aliyevunja mkataba hulipa hasara inayotokea kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili zingeweza kuifikiria walipokuwa wakiafikiana. Wachukuzi hawakuwa wameambiwa kwamba bila mhimili ule kinu chote kimekufa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa imeishika kanuni iyo hiyo: fidia ni ya hasara inayofuata moja kwa moja kutokana na uvunjaji.

Mwamuzi aliniuliza, kwa Kiswahili safi, "Ulipokuwa ukinunua, ulimwambia muuzaji kwamba unakwenda kurekodi utafiti?"

Sikumwambia. Nilimwambia kwamba nataka simu yenye kamera nzuri na inayokaa na chaji. Kisha niliulizwa kuhusu ile karatasi ya fundi niliyoitia sahihi. Nilitaka kusema kwamba mstari huo nao ulikuwa batili, na nilisema, lakini jibu lilikuwa kwamba mstari ule haukugusa ubora wa simu bali kilichokuwa ndani yake, na kwamba hata ukiondolewa, swali la kwanza linabaki. Zaidi ya hayo, nyimbo zina bei gani? Sikuwa na jibu ambalo lingeandikika kwa shilingi. Ningeweza kutaja gharama ya safari ya kuzirekodi upya, na pengine ningaliidai hiyo tangu mwanzo ningalipata kitu. Sikuidai. Sisi ambao tunaokota fasihi simulizi vijijini kwa simu za mkononi, na siku hizi ni wengi, tungefaa kumweleza muuzaji kazi tunayoiendea na kumwomba aiandike kwenye risiti, pale pale juu ya ile sentensi yake.

Nilishinda shilingi 24,500, pamoja na nauli na ada. Duka lililipa siku ya tisa baada ya uamuzi, kwa M-Pesa, bila neno lolote. Simu niliirudisha ikiwa na kasha lake.

Mwezi uliofuata nilikwenda Vanga tena, safari hii nikiwa na kinasa sauti cha idara na daftari. Bibi hakushangaa kusikia kwamba zimepotea. Aliniuliza tu kama waliozifuta walizisikiliza kwanza. Aliniimbia nyimbo 26. Hizo nyingine alisema alikuwa ameziimba mara ile kwa sababu shoga yake alikuwapo akimwitikia, na shoga yake sasa amehamia kwa binti yake Tanga. Nimeandika anwani.